Casio fx-82MS: miezi minane na kalkuleta ya binti yangu wa fomu 3

Naandika hii manake shule zikifunguliwa kila mzazi anauliza swali moja, ninunue kalkuleta gani, na dukani utaambiwa zote ni sawa tu mama chukua hii. Si sawa. Mie nimenunua mbili ndani ya muhula mmoja kwa hivyo niulizeni mie.

Ya kwanza niliichukua town hapa Mombasa, duka silitaji, shilingi 600, imeandikwa Casio fx-82MS vizuri kabisa na juu ina kidirisha cheusi cha sola. Nikafurahi, nikasema hata betri sitanunua. Wiki ya tatu kitufe cha 7 kikaanza kunata, ukibonyeza mara moja zinatoka 7 mbili au haitoki kitu, na maandishi ya sin na cos yakawa yanafutika. Jirani yangu fundi simu akaifungua akacheka mpaka akakaa chini, ile sola ni plastiki tupu, hakuna hata waya mmoja umeenda popote. Ndo akaniambia 82MS orijino haina sola kabisa, ni betri peke yake. Kwa hivyo ukiona 82MS yenye sola, rudisha mkono mfukoni uende zako.

Ya pili nikaenda duka la vitabu, 1,600, nikalipa roho ikiniuma. Lakini jamani vitufe vinabonyea vizuri, kifuniko chake kigumu kinateleza na kujifunga, imeshaanguka kwenye ngazi za matatu ikaokotwa na haijapasuka. Kitu ninachokipenda zaidi ni skrini ya mistari miwili, juu unaona ulichoandika chini unaona jibu, ukikosea unarudi na mshale unarekebisha pale pale, huanzi upya. Ile ya dukani ya kuuzia unga haikuonyeshi umebonyeza nini.

Kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, inakubalika, sheria ni isiwe na sauti na isiwe ya kuprogramu. Pepa za hesabu ni mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100, sehemu ya kwanza maswali 16 lazima yote, sehemu ya pili unachagua 5 kati ya 8. Ukipoteza dakika kuzidisha kwa mkono hufiki mwisho.

Sasa niwaambie shida, na shida si ya kalkuleta, ni yetu. Usiku mmoja binti anafanya swali la ngazi, ngazi ya mita 6 imeegemea ukuta, pembe na ardhi ni digrii 30, inafika juu kiasi gani. Njia anaijua, 6 mara sin 30. Anabonyeza, inatoka -5.928. Anafuta, anabonyeza tena, -5.928. Analia. Ati mama mi hesabu siziwezi. Nikamwambia hebu tuangalie hilo jibu kwanza, hii ngazi imeegemea ukuta au imezama kisimani? Akacheka huku analia. Jibu ni 3, hata mie naikumbuka sin 30 ni nusu. Kumbe mdogo wake alikuwa anaichezea mchana akaitoa kwenye digrii akaiweka kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Juu ya skrini kuna herufi ndogo sana, inatakiwa iwe D, yetu ilikuwa R. Kurudisha unabonyeza MODE mara mbili halafu 1. Nimemwandikia kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko, ANGALIA D, manake kwa mtihani hakuna mtu wa kumuuliza habari za kisima.

Nyingine ni ya hasi. Ukiandika -3 halafu kitufe cha mraba inakupa -9, na mwalimu anataka 9. Haijakosea, inapiga 3 mara 3 kwanza ndo inaweka hasi, wewe ulitakiwa kuweka mabano. Watoto wengi wanapoteza alama hapo na wanaapa kwamba mashine imesema.

Na msiwatupie vile vitabu vya majedwali eti kuna kalkuleta! Swali la logarithimu linakuja na linataka uonyeshe kazi kwa jedwali. Hapo ndo vurugu, log ya 0.0697 kwenye jedwali ni baa 2 nukta 8432 (baa ni kistari juu ya 2, maana yake hiyo 2 peke yake ndo hasi), kalkuleta inaandika -1.1568, mtoto anadhani mmoja wao ni mwongo. Ni kitu kile kile, toa 2 halafu jumlisha 0.8432 unafika -1.1568, lakini ukiandika la kalkuleta tu bila hatua unakula hasara, manake kwenye usahihishaji kuna alama za M za njia na alama za A za jibu. Yeye sasa anafanya kwa jedwali halafu anahakikisha jibu la mwisho kwa kalkuleta, na hapo inamsaidia kweli.

Nisichopenda: kubadilisha betri mpaka ufungue skrubu nyuma, betri yenyewe ni ya kawaida kama ya rimoti lakini bisibisi ndogo nani anayo nyumbani? Ikizima usiku wa kuamkia mtihani utamwamsha fundi. Pia haiandiki sehemu vile zinavyoandikwa daftarini, juu na chini, inaziweka kwa mstari mmoja. Wanafunzi wenzake wenye fx-991ES wanaringa nazo, zinaonyesha sehemu na mizizi vizuri, ila bei iko juu na kwa silabasi ya fomu 4 sioni cha maana atakachokosa kwa hii. Hizo pesa za juu mie ningelipa tyusheni ya likizo.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya skrubu.

Ile feki bado ninayo, iko kwenye kibanda changu cha cherehani napigia hesabu za vitambaa. Bei zangu zote nimezibadilisha zisiwe na 7.