Mji mpya: ushikamane na wa kwenu au ujitose kwa wenyeji?

Wa kwenu wana raha ya papo hapo. Utani huhitaji kuueleza, na wa kukutafutia chumba hupatikana siku ileile. Ila mwaka unaweza kuisha ukiujua mji kwa masimulizi tu: "Watu wa hapa wanaringa," unasikia, nawe unarudia bila kumjua hata mmoja.

Wenyeji ni kazi. Salamu yako inajibiwa kwa kutikisa kichwa, wote wanacheka jambo usilolielewa, unarudi chumbani mashavu yamechoka kutabasamu. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani wamekataliwa, kumbe ni muda tu haujatosha. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wa 2018 uliohusisha watu waliohama karibuni, alikadiria kuwa urafiki mwepesi huhitaji saa 50 hivi za kuwa pamoja, na ule wa kushibana zaidi ya 200. Piga hesabu: saa mbili kwa wiki ni karibu miezi sita, na hapo ni ule mwepesi! Ndiyo maana kwaya au timu ya mazoezi, inayokutana siku ileile kila wiki, huzaa marafiki kuliko sherehe kubwa.

Kwenye kutafuta kazi, wenyeji wanashinda. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kuwa habari mpya huja zaidi kupitia watu tunaojuana nao juujuu. Wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua.

Mimi ningewategemea wa kwetu kwa chumba na homa ya kwanza, ila jioni moja ya wiki iwe ya wenyeji tangu mwanzo.