Sure-Jell ya boksi la njano: msimu wa tatu napikia jamu ya friza kwa blakiberi za porini

Ngoja nianze na swali la shangazi yangu wa Tanga, maana najua wengi wenu mtaliuliza hilohilo. Nilimuonyesha boksi la Sure-Jell, ule unga wa kugandishia jamu, kwenye WhatsApp, wala hakuuliza ladha wala bei, akasogeza uso kwenye simu akasema, "Mwanangu, hiyo jeli haina nguruwe ndani?" Nikamwambia hamna shangazi, ni maganda ya matunda. Hakuridhika mpaka nikamsomea maandishi ya ubavuni neno kwa neno.

Na ana haki jamani, jina lenyewe linatisha, lina "jell" ndani na Wamarekani wana ile Jell-O yao ya watoto ambayo ni jelatini, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Hii ya kwetu ni pektini. Pektini inatoka kwenye mimea, hizi za dukani wanazikamua kwenye maganda ya machungwa na ndimu na makapi ya tufaha. Kwenye boksi utakuta vitu vitatu tu, dekstrosi ambayo ni sukari, asidi ya kusaidia kushika, na hiyo pektini. Basi. Shangazi akasema haya, bismillah, sasa nionyeshe jamu.

Mie naishi Kent, kusini mwa Seattle, na huku ikifika Agosti blakiberi ni kama machungwa ya Muheza msimu wake, yanaoza njiani. Kwa asiyezijua, fikiria forosadi, ila duara zaidi na chachu zaidi na mti wake una hasira. Ukifata ile njia ya kando ya Green River unakutana na vichaka vimekuzidi urefu, vyeusi kwa matunda, na hamna wa kukuuliza. Wenyeji wengine hawaupendi kabisa huo mmea, serikali ya jimbo la Washington imeuweka kwenye orodha ya magugu waharibifu, na stori yake inachekesha kidogo: bwana mmoja mkulima wa California, Luther Burbank, aliileta mbegu yake mwaka 1885 akaiuza kwa jina la Himalaya, kumbe asili yake ni huko Armenia na jirani zake, wala si Himalaya. Ukatoroka mashambani ukameza pwani yote ya magharibi. Kwa hiyo ukichuma unawasaidia, ndo navyojipa moyo.

Kuchuma kwenyewe vaa jinzi nzito na shati la mikono mirefu hata kama jua linawaka, ile miiba imepinda kama ndoana, ikikushika haikuachii mpaka uirudie ilikotokea. Usichume kando ya barabara kubwa wala reli, huko wanapiga dawa ya kuua magugu. Na usidanganywe na tunda jeusi linalong'aa, hilo bado, utakunja uso. Subiri lile ambalo mng'ao umeanza kufifia na ukiligusa linakuja lenyewe mkononi. Hilo ndo tamu. Mie nachanganya na machache mekundumekundu makusudi, tunda ambalo halijaiva sawasawa lina pektini yake nyingi zaidi na ule uchachu unaikatakata sukari.

Nyumbani yaloweke kwenye maji ya chumvi kama nusu saa halafu suuza. Kwanini? Fanya tu mara moja utaona, vile vifunza vyeupe vidogo vinavyoelea ni vya nzi wa matunda, viko kwenye matunda ya mwishoni mwa msimu kuliko unavyodhani. Mwaka wa kwanza sikujua nikala na kusifia.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe. Kwa wasiojua, jamu ya friza ni jamu ambayo tunda halipikwi kabisa. Hauchemshi mitungi, hausimami jikoni masaa na joto la Agosti, unaponda tunda bichi, unatia sukari, unachemsha pektini peke yake na maji kidogo, unachanganya, unaweka kwenye makopo, friza. Ndo maana ladha yake inabaki kama tunda ulilochuma asubuhi, na rangi haiendi kuwa ya udhurungi kama jamu za kuchemsha. Hiyo peke yake inanifanya nisirudi nyuma.

Karatasi iliyo ndani ya boksi kwa blakiberi inasema vikombe vitatu vya tunda lililopondwa, sukari vikombe vitano na robo, maji robo tatu ya kikombe, pektini boksi moja. Umesoma vizuri, sukari vikombe vitano na robo kwa vitatu vya tunda. Ni zaidi ya kilo moja. Jirani yangu ni wa Bukavu, siku hiyo alikuwa kakaa jikoni kwangu ananisaidia kutoa majani, aliponiona napima kikombe cha nne akasimama kabisa, "Dada! Ile sukari yote utaiweka mule?" Nikamwambia mama, na mie niliuliza hivohivo mwaka juzi, kaa nikwambie kilichonipata.

Kilichonipata ni kwamba nilijiona mjanja. Kwetu mtu ukipewa resipi ya keki ya Kizungu unakata sukari robo, kila mtu anafanya hivo na keki inatoka, basi nikasema na hii nakata, nikatia vikombe vitatu badala ya vitano. Nikasubiri masaa ishirini na nne kama walivyosema. Maji. Nikasubiri ya pili, maji, nikaweka friza nikatoa, yakayeyuka yakawa maji tena. Makopo saba ya shira. Kosa langu tupu, boksi limeandika wazi usipunguze sukari na mie nimesoma nikajifanya sijaona.

Baadaye ndo nikaelewa. Pektini ya boksi la njano ni ile inayohitaji sukari nyingi na uchachu ili ishikane. Zile nyuzinyuzi za pektini zinaelea kwenye maji kila moja na lake, sukari ikiingia nyingi inayavuta yale maji kwake, asidi nayo inazituliza zisisukumane, ndo zinakamatana na kutengeneza wavu. Ukikata sukari wavu hausukwi. Na kwa vile hapa haupiki tunda hamna maji yanayopungua kwa mvuke kama kwenye jamu ya kawaida, kwa hiyo huna hata pa kujisahihishia. Ile shira sikumwaga btw, tuliimalizia kwenye mtindi na chapati za maji, watoto walidhani nimepanga.

Tangu hapo nafata kama askari. Naponda kwa kile chuma cha kupondea viazi, tabaka moja moja, SIYO blenda, blenda inakupa uji. Nusu ya rojo napitisha kwenye chujio maana blakiberi ina mbegu ngumu balaa zinaingia kwenye meno, ukichuja yote nayo inakuwa haina mwili, nusu ndo sawa. Napima baada ya kuchuja. Natia sukari nakoroga naiacha dakika kumi. Pembeni natia pektini na maji kwenye sufuria ndogo, mwanzoni inakuwa madongemadonge usiogope, moto mkali, koroga bila kuacha, ikichemka hesabu dakika moja kamili. Unaimwaga kwenye tunda unakoroga dakika tatu. Hizo tatu ni ndefu, mkono unauma, ila usipokoroga chembe za sukari zitakukwaruza ulimi mpaka mwakani. Makopo, funika, acha mezani siku nzima, halafu friza. Boksi moja linanipa kama vikombe saba. Usijaribu kupika maboksi mawili kwa pamoja kwenye bakuli moja, haishiki vizuri, fanya moja umalize uanze lingine.

Inakaa friza mwaka mzima, ukishafungua weka friji utumie ndani ya wiki tatu. Na kwa sababu ya ile sukari haigandi jiwe, ukiitoa unaweza kuichota na kijiko baada ya muda mfupi tu.

Nimejaribu na nyingine, ili msiseme napigia debe. Kampuni ya Ball wana pektini yao ya papo kwa papo, hii haichemshwi kabisa, tunda lililopondwa kikombe kimoja na theluthi mbili, sukari theluthi mbili ya kikombe, vijiko viwili vikubwa vya pektini, unakoroga dakika tatu, baada ya nusu saa imeshika. Nusu saa! Sukari ni kidogo mno ukilinganisha na ya boksi la njano, na ladha ya tunda inasikika zaidi, nisidanganye, kwa rasiberi nachagua hiyo. Kwa blakiberi za porini ambazo nyingine ni chachu kupita kiasi bado narudi kwa boksi la njano, na ile ya sukari chache ikikaa friza inaganda zaidi kidogo, ina vibarafu. Kuna pia boksi la pinki la haohao Sure-Jell la sukari pungufu, lina resipi zake, usichukue resipi ya njano ukatumia pinki wala kinyume chake. Na kuna pektini ya Pomona's ambayo inashika kwa kalsiamu badala ya sukari, ndani kuna kipakiti cha unga wa kalsiamu unachanganya na maji, kwa mwenye kisukari nyumbani hiyo ndo ya kuangalia, ukiamua unatia asali, ukiamua hutii kitu. Mama yangu mdogo ana kisukari akija kutembea nampikia hiyo, yeye hii ya njano namficha.

Vyombo. Hapa nina hasira kidogo. Nilinunua makopo ya plastiki ya bei chee, duka silitaji, yana mfuniko mzuri wa kijani, yalipoingia friza wiki mbili matatu yakapasuka chini na jamu ikashuka kwenye samaki. Kibua na blakiberi, msijaribu. Kopo liwe limeandikwa la friza, na kama ni la kioo liwe limenyooka mpaka juu bila mabega, yale yenye mabega jamu ikivimba yanapasuka. Na uache nafasi nusu inchi juu, ile haipo kwa urembo.

Wa nyumbani wananiuliza mtutumie. Haiwezekani. Hii jamu si ya kabatini, ukiiweka nje itachacha au itaota ukungu, haijapikwa ikaua vijidudu wala haijazibwa, kinachoilinda ni baridi tu. Masaa ishirini na kitu ya ndege mpaka Dar halafu basi mpaka Tanga, ikifika huko ni kesi nyingine. Na hata ukipata boksi ukapika huko, fikiria LUKU yako kwanza, umeme ukikatika siku mbili friza ikayeyuka umepoteza kila kitu, kwa mtu wa namna hiyo jamu ya kuchemsha ya kawaida ina maana zaidi. Ila mwenye friza ya kuaminika aliye karibu na stroberi, mfano za Limuru, ajaribu, vipimo vya stroberi ni vikombe viwili vilivyopondwa kwa vinne vya sukari, maji na pektini vilevile. Forosadi sijazijaribu, mti wa nyumbani Lushoto uko mbali na mie.

Jingine dogo: blakiberi zikikushinda wingi usikimbizane na kupika siku hiyohiyo, zioshe, zikauke, zitandaze kwenye trei zigande ndo uzitie kwenye mfuko. Desemba unaziyeyusha unaponda unapika jamu kama kawaida, inashika vizuri tu. Mie mwaka jana nilipika maboksi mawili Agosti na moja siku ya theluji, na ile ya theluji ndo ilinoga, labda kwa vile nje kulikuwa kubaya.

Nyota naipa nne kati ya tano. Inafanya inachoahidi, maelekezo yako wazi kuliko mengi niliyosoma, haina nguruwe, na kule ninakonunua bei haiumizi. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ile sukari, sitaki kusikia kwamba ndo kemia ilivyo, najua, nimeikata tu. Jirani yangu wa Bukavu alirudi Jumamosi na bakuli, anataka nimwekee mbili, na kaleta sukari yake mwenyewe, kilo tano.