Nyaya za RCA kwa stereo ya nyumbani: sisi wa pwani tuangalie plagi kwanza

Mwaka jana, katikati ya Ramadhani, spika yangu ya kushoto ilianza kukwaruza. Udi ulisikika, ukapotea, ukarudi na mchakacho kama karatasi inayokunjwa. Nikashuku spika, nikashuku amplifaya, nikamwita fundi kutoka Mji wa Kale akaifungua yote mezani. Nzima. Ndipo akachomoa waya wa RCA, ule wenye plagi ya pini katikati na pete kuizunguka, unaotoka kwenye mashine ya CD, ule nilionunua shilingi 14,000 miezi minane nyuma, akafungua kifuniko cha plagi. Ndani mlijaa unga wa kijani. Pete ya nje, iliyokuwa iking'aa dukani, ilikuwa imebabuka. Akaikwaruza kidogo kwa wembe, akanisogezea taa nione. "Dada, hii si dhahabu. Hii ni rangi."

Nakaa Kizingo, Mombasa, kando ya bahari, madirisha wazi usiku na mchana. Grili zinaliwa na chumvi, bawaba zinaliwa, hata kufuli la geti nimeshabadilisha. Plagi za stereo zinaliwa vilevile, ila zimejificha nyuma ya kabati na hakuna anayeziangalia mpaka sauti iharibike. Kwa hiyo sitazungumzia usafi wa shaba, wala waya upi una "besi nzito". Waya wa mita moja unaobeba volti 2 kutoka kwa CD hauna mengi ya kuharibu. Kinachoharibika hapa ni mahali chuma kinapogusana na chuma.

Dhahabu yenyewe haishiki kutu. Shida ni ikipakwa nyembamba mno, moja kwa moja juu ya shaba ya manjano. Inabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, unyevu wa chumvi unapenya, na shaba inapanda juu ikageuka kijani. Plagi nzuri huwa na tabaka la nikeli chini ya dhahabu, kisha dhahabu ya kutosha. Dukani huwezi kuliona tabaka hilo, lakini nenda na sumaku ndogo ya friji. Plagi ikinata barabara, ndani ni chuma cha kawaida, irudishe. Kisha ichomeke kwenye tundu la mashine yoyote iliyopo pale: ikizunguka ovyo au ikining'inia, iache. Mguso uliolegea unaruhusu hewa ya bahari kuingia kila siku.

Nafasi ya kwanza naipa waya wa Mogami wa Japani uliotiwa plagi za Neutrik na fundi wako mwenyewe, na sioni wa kushindana nao. Mogami ni laini, unapinda nyuma ya kabati bila kuivuta plagi, na plagi isiyovutwa haipati mwanya. Neutrik ni kampuni ya Liechtenstein, na plagi yao ya Profi imetatua kasoro ambayo RCA imezaliwa nayo. Kwenye plagi za kawaida pini ya kati hugusa kabla ya pete ya nje, ndiyo maana ukichomeka amplifaya ikiwa imewashwa unapata ule mngurumo wa kutisha. Profi ina pete yenye springi, inagusa mwanzo na kuachia mwisho. Ikikushinda bei, chukua Rean, chapa ya bei ya chini ya Neutrik hao hao. Mimi nina jozi tatu, zimepita kaskazi na kusi, na bado zinang'aa kama siku ya kwanza.

Ya pili ni LC-1 ya Blue Jeans Cable ya Marekani, hasa ukiwa na mashine ya santuri. Hapo kapasitansi ya waya, yaani uwezo wake wa kushika chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi, ina maana: sindano kama za Audio-Technica VM95 zinataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, ukihesabu na waya wa ndani ya mkono unaoshika sindano. LC-1 ina takriban 40 kwa mita, kwa hiyo inakuachia nafasi. Tatizo ni kuuagiza. Nauli na ushuru vinaweza kuupita waya wenyewe.

Ya tatu, QED na AudioQuest. Ni nyaya nzuri. Kwa AudioQuest mimi ningebaki na matoleo ya chini yenye plagi za dhahabu. Ya juu hupakwa fedha, na fedha huwa nyeusi. Muulize yeyote mwenye bangili za bibi yake.

Zile nyekundu na nyeupe za shilingi 200 ziwekee TV ya chumbani, ubadilishe kila mwaka.

Sasa wauzaji. Niliporudi na waya wangu niliambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Nitaijuaje plagi bila kuifungua? Kifurushi kimefungwa kwa plastiki ngumu, ukiomba kukikata unaambiwa lipa kwanza. Dola ikipanda bei inapanda jioni ile ile, hata ya mzigo uliokaa rafuni tangu mwaka juzi; dola ikishuka, hakuna anayekumbuka. Na neno "orijino" linatamkwa juu ya kila kitu, hata juu ya waya usio na jina la mtengenezaji popote. Elfu kumi na nne ni karo ya mtoto wa mtu.

Ukienda kwa fundi, mpe vipimo ulivyopima mwenyewe kwa uzi, kutoka tundu hadi tundu, ongeza shibiri moja tu. Mwambie akimaliza kuchomelea asafishe mabaki ya dawa kwa spiriti kabla ya kufunga kifuniko, na usimame hapo mpaka umwone akifanya.