Picha ya mama yangu mmempa nani? Uzoefu wangu na kaunta ya picha melini

Chakula sina neno nacho. Chumba kilikuwa safi, bahari ilitulia, na Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, pazuri kuliko nilivyotarajia. Nyota moja ninayotoa hapa ni ya kaunta ya picha peke yake, na ingekuwa inawezekana kutoa nusu, ningetoa nusu.

Meli ya kitalii tulipandia bandari ya Galveston, Texas, maana tunaishi Houston na ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Sasa mama si mtu wa picha za simu. Kwake picha ni ile iliyosafishwa, ikatiwa kwenye fremu, ikapigiliwa msumari sebuleni, mgeni akiingia aulize "huyu nani?" Kwa hiyo usiku ule wa kuvaa rasmi, alipotoka na gauni lake la kitenge na mtandio wa dhahabu, nikampeleka moja kwa moja kwa wapiga picha pale kwenye ngazi kubwa.

Haki isemwe: kijana aliyempiga ni fundi. Wengi wakimpiga mtu mweusi, uso unazama gizani, linabaki gauni. Huyu Mfilipino alitazama picha ya kwanza kwenye kamera, akakunja midomo, akasogeza taa, akamgeuza mama bega kidogo, akarudia. Lugha hawakuwa nayo, akamchekesha kwa ishara za mikono. Nilichungulia kile kioo kidogo cha kamera: mama anacheka mpaka pengo linaonekana, na nyuzi za mtandio unaweza kuzihesabu. Sijawahi kuona picha ya mama nzuri vile.

Kesho yake tukaifuata. Haipo.

Zamani, wanavyosimulia waliopanda meli hizi kabla yetu, picha zote zilipangwa ukutani, unapita unatafuta sura yako katikati ya maelfu. Inachosha, lakini macho ni yako. Safari yetu za ukutani zilikuwa chache, nyingine zote zimo ndani ya mashine. Unagusisha kadi ya chumba, kompyuta inakuletea kila picha ambayo imeutambua uso wako ndani yake. Zangu zilikuja. Za mke wangu zilikuja, pamoja na za mwanamke tusiyemjua akiwa ndani ya bwawa la kuogelea. Kwa mama akatokea bibi wa watu mwenye kilemba kikubwa cha Kinigeria, pozi baada ya pozi, na wajukuu zake wote.

Nikamwita wa kaunta. Akaangalia kioo, akamwangalia mama, akanyoosha kidole kwa uso wa mtu aliyechoshwa na sisi: "Si huyu hapa?"

Mama Kiingereza kinampiga chenga, lakini kidole hakihitaji mkalimani. "Mwanangu, hebu muulize, kwao watu wazima wote ni mmoja?"

Nikajikaza niwe mstaarabu. Nikaeleza saa, mahali, mavazi. Akanijibu kwamba mfumo haukosei, na picha isiyoonekana labda haikupigwa. Haikupigwa! Nami nilisimama pale pale nimeshika mkoba wa mama!

Mfumo haukosei? Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na mwenzake Timnit Gebru walipima programu tatu za kampuni kubwa zinazosoma sura za watu. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalipanda hadi asilimia 34.7 kwenye programu mojawapo. Na kazi yenyewe ilikuwa kubaini tu huyu ni mwanamke au mwanamume, sembuse kumtenganisha bibi wa Tanga na bibi wa Lagos! Zimeboreshwa tangu hapo, nakubali. Lakini usinisimamie mbele ya mama yangu ukaniambia mashine haikosei.

Tena dawa yake nyepesi. Mpiga picha askani kadi ya chumba kabla hajabofya, basi picha inajua mwenyewe ni nani, iwe uso umetambulika au la. Au waruhusu mtu atafute kwa mahali na saa: ngazi kubwa, usiku wa pili, saa mbili na nusu. Na bei waiandike mahali inapoonekana, si mpaka uulize.

Aliyetuokoa ni binti wa yule bibi wa kilemba. Usiku wa mwisho alituona kwenye foleni, akamtazama mama, akaja mbio: picha za mama yenu ziko kwetu! Kumbe nao walikuwa wanahangaika vilevile kutafuta za kwao. Tukabadilishana pale pale, mama na yule bibi wakakumbatiana kama mashoga wa siku nyingi. Ila nauliza, na wasingekuwa watu wema? Safari nzima picha za familia yangu zimekaa kwenye kadi ya watu wengine, anayetaka anunue.

Dola 25 picha moja. Nikalipa. Nyuma ya kaunta vijana walikuwa wanaondoa zile za ukutani ambazo hazikununuliwa, wanazitumbukiza kwenye pipa. Zinakwenda wapi? Kusagwa. Nikaomba moja ya mke wangu kwa nusu bei, maana imeshasafishwa, karatasi na wino vimeshaliwa. Hapana, taratibu haziruhusu. Bora isagwe!

Nilikusudia kuwaambia msinunue picha melini kabisa. Lakini mama keshafika Tanga, ameitundika, na shangazi zangu wanapiga simu kwa zamu kuuliza safari yao lini. Basi tufanye nyota tatu, kwa ajili ya yule kijana wa kamera. La, mbili. Nikikumbuka kile kidole, hata hizo mbili natoa kwa shingo upande.