Kozi ya Yale kuhusu furaha: nyota nne kutoka kwangu

Nimemaliza "The Science of Well-Being" ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyoko Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni. Mwalimu ni Profesa Laurie Santos, mwanasaikolojia ambaye somo lake la darasani mwaka 2018 lilivuta wanafunzi wapatao 1,200, na la mtandaoni likafuata mwaka huohuo. Kwenye video anafundishia makazi aliyokuwa nayo chuoni wakati huo, wanafunzi wachache wamemzunguka. Anaongea haraka, lakini anaeleweka.

Mwanzoni anabomoa imani zetu kwamba mshahara mnono, simu mpya au nyumba ndiyo furaha yenyewe. Akili hukizoea kitu kizuri upesi, hamu ikahamia kwingine. Mimi nauza vitenge Kariakoo, na hilo naliona dukani kila siku.

Uzito wenyewe uko kwenye mazoezi: kulala vya kutosha, kutafakari, kuorodhesha mambo ya kushukuru, kutenda wema. Lililonigusa zaidi ni barua ya shukrani, ambayo unamsomea mhusika uso kwa uso. Nilimwandikia shangazi aliyenilipia ada ya sekondari. Nilipofika kwenye zile khanga alizouza ili nipate viatu vya shule, alinishika mkono: "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaona?" Tuliongea mpaka magharibi.

Nyota moja nimeibana kwa sababu mifano mingi ni ya maisha ya Marekani, na anayetaka cheti hulipia. Natamani sana mhadhiri wetu mmoja aandae kozi kama hii kwa Kiswahili.