Programu ya kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi: miezi minane nikiitumia steshenari

Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Kopi, kuchapa barua, laminesheni, picha za pasipoti. Lakini kinacholipa kodi ya fremu ni mitihani na mazoezi ya shule za mchepuo wa Kiingereza, na hao walimu ndio walionifanya nipakue programu hii. Mwalimu anakuja na karatasi ya mkono: "Dada, niongezee maneno kumi yenye 'tion' mwishoni, yasiwe magumu, ni la nne hawa." Zamani nilikuwa nafungua kamusi. Sasa kamusi inakufaa ukijua neno linaanzaje. Ukitaka linaloishia na 'tion' utaipekua toka A mpaka Z, na mteja amekukalia kwenye benchi.

Ukifungua programu unakuta sehemu tatu: neno linaanza na nini, linaishia na nini, na lina herufi gani ndani. Mbili za kwanza hazina shida, station na nation zilikuja kabla sijainua kidole. Ya tatu ndiyo ilinisumbua. Nilitaka maneno yenye 'ear', kama hear na learn, nikaletewa water, bread, orange. Nikadhani imeharibika. Kumbe ilikuwa sahihi: kwake "lina e, a, r" ni popote zilipo, hata zikiwa zimetawanyika. Kuna kitiki kidogo chini kabisa cha kuziunganisha zifuatane, na nilikiona siku ya pili. Kitu muhimu hivyo wangekiweka juu.

Kwa chemshabongo kuna alama mbili. Ya kuuliza inashika nafasi ya herufi moja, nyota inashika nafasi ya herufi ngapi zozote, hata sifuri. Ukiandika b?t unapata bat, bet, bit, but. Hapa sina la kulalamika, imeniokoa sana.

Kazi ninayoikumbuka zaidi ni ya 'ough'. Madam mmoja wa darasa la sita alitaka maneno yote yenye herufi hizo nne kwa mfuatano. Nikatafuta, nikaprinti orodha, akaanza kuisoma kwa sauti pale pale kaunta. Though, inaishia 'ou'. Through, 'uu'. Tough, 'af'. Cough, 'of'. Bough, 'au'. Thought, 'oo' halafu t. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri picha zake akashindwa kuvumilia: "Madam, herufi ni zile zile?" "Zile zile." "Sasa mtoto anajuaje?" "Anakariri, baba." Akatikisa kichwa. Sisi tumezoea herufi inayosema kitu kimoja Kondoa mpaka Kongwa, tunasahau kwamba hiyo ni neema.

Na hapo ndipo mwisho wa uwezo wa programu ulipo. Inaona herufi, haisikii sauti. Madam ilibidi achukue penseli ayapange mwenyewe makundi sita. Tena orodha ilikuwa na maneno ambayo mtoto wa la sita hayahitaji: chough, ndege wa jamii ya kunguru mwenye miguu myekundu, na sough, mvumo wa upepo. (Hilo la pili kwa Dodoma ya mwezi wa saba lingetufaa, ila mtihani haulitaki.) Hakuna mahali pa kusema "nipe ya kawaida tu". Orodha za namna hii zinawalenga wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi. Kule Q ipo moja tu kati ya vigae 100 na ina pointi 10, kwa hiyo mtu aliyeishikilia anatafuta neno lolote litakalomwondolea, iwe qi au qat. Ndiyo maana vineno vya ajabu vimejaa. Faida yake ndogo: safari, askari na ugali vyote vimo kama maneno halali ya Kiingereza. Ugali umenifurahisha.

Ukiipa herufi zilizochanganyika inakutolea maneno yanayoundwa nazo. Mdogo wangu anasoma kompyuta UDOM, ndiye aliyenieleza jinsi inavyowahi hivyo. Kila neno limeshapangwa herufi zake kialfabeti tangu mwanzo. Listen ukiipanga inakuwa e-i-l-n-s-t, na silent nayo inakuwa e-i-l-n-s-t. Ukiandika herufi zako inazipanga vilevile, inaangalia rundo gani linafanana. Nikaijaribu kwa kuandika Dodoma. Ikanipa hata yanayotumia baadhi tu ya herufi hizo: mood, doom, odd, mad, dodo. Kwetu dodo ni embe. Kwao ni ndege wa Mauritius aliyekwisha duniani tangu karne ya 17. Tulicheka, kisha tukaandika Kizota, Chamwino, mpaka mteja akagonga kaunta.

Sasa hasara. Mwezi wa tano nilitengeneza chemshabongo ya darasa la tano. Kidokezo kimoja kilikuwa cha rangi, nina c na l, nikaandika c?l*, nikaiona color, nikaiweka kwenye visanduku vitano. Nikatoa kopi 45 za kurasa mbili. Kesho yake mwalimu karudi nazo zote kwapani. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, lakini u iko wapi?" Shule zetu zinaandika Kiingereza cha Uingereza, colour, herufi sita. Programu ilikuwa imewekwa orodha ya Marekani, kule ambako u iliondolewa, na Noah Webster aliizika kabisa katika kamusi yake ya 1828. Sehemu ya kubadilisha orodha ipo, ndani ya mipangilio, ukurasa wa tatu. Kosa ni langu pia, nilisoma mitihani mingi tu yenye colour. Lakini sh. 9,000 za kopi zilikwenda, na fumbo lote lilibidi kusukwa upya, maana kisanduku kimoja kikiongezeka vingine vyote vinahama.

Matangazo ni mengi. Kila utafutaji wa tatu inakuja video, na bando linaliwa hivyo hivyo. Bila intaneti haifanyi kitu. Mdogo wangu amenipakulia faili la maneno matupu kwenye kompyuta ya dukani, natafuta humo mtandao ukigoma. Halina urembo wowote, unaandika amri na linakujibu, ila halijawahi kunionyesha tangazo.

Kwenye simu bado naibakiza hii. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Toleo lisilo na matangazo lipo, nilishajaribu kulinunua mara mbili, linataka kadi ya benki tu. Siku wakiweka malipo ya simu nalipia siku hiyo hiyo.