Begi lenye betri: hakikisha inachomoka

Nimeshasafiri na begi hili mara nne, Dar hadi Dubai, kufuata vitambaa vya dukani. Kilichonifanya nilipende ni betri yake ya kuchajia simu: unafungua zipu ndogo chini ya mpini, unabonyeza, inatoka. Imeandikwa mAh 20,000, yaani wati-saa 74 (kipimo cha nishati inayobebwa na betri), chini ya kikomo cha wati-saa 100 ambacho mashirika mengi ya ndege huruhusu bila kibali. Kaunta begi linaenda kwenye mizigo, betri nabaki nayo kwenye mkoba. Betri za namna hii ni za lithiamu; ikishika moto karibu na abiria, wahudumu wataiona na kuiwahi; kule chini kwenye mizigo nani ataiwahi?

Begi langu la kwanza, jamani, betri yake ilikuwa imefungiwa humo humo ndani. Kaunta ya ndege walilikataa, nikahamishia nguo zangu kwenye kiroba mbele ya foleni nzima. Niliumia sana, maana muuzaji hakuniambia neno.

Hili la sasa ni zito, kilo nne na ushee likiwa tupu, na kwa sisi wa biashara kila kilo ni pesa. Hata hivyo simu yangu haijazima safarini tena, na mume wangu ananipata muda wote.